Sekunde Nne

Waliponichagua kule Kwihara walinipima mabega,
wakaniambia nivue saa, nivue viatu,
nisicheke.
Tulikuwa kumi na wanane: Kapela fundi baiskeli,
Sizya wa mashine ya kusaga, wale mapacha wa Ipuli,
mimi kinyozi.
Tukavishwa kaniki, tukapakwa vumbi la kopo,
maana vumbi letu, walisema,
halikai vizuri kwenye kamera.

Sanduku langu lilijaa sponji ya godoro.
"Lifanye zito," akasema mkalimani.
Basi nikalifanya zito. Nikalikunjia uso,
nikaliinamia, nikatembea mara tisa
toka kwenye kichuguu hadi mti wenye utepe mwekundu,
na mara ya tisa, wallahi, bega likauma.
Elfu ishirini na soda.

Mwaka ukapita na masika yake.
Jumanne moja nanyoa, Isevya, mteja mmoja tu,
runinga inajisemea ukutani,
mara namwona punda wa Itetemia.
Yule punda namjua kwa sikio lake lililopasuka.
Nikazima mashine.
Bwana Ngelela kitini, nusu ya kichwa imekwisha,
nusu bado kichaka:
"Umeme?"
"Hapana. Subiri. Mimi hapo."

Sauti nzito ya mtu asiyeonekana
ilikuwa inauliza, ngoma ikimfuata kwa chini:
Sanduku la ramani lilipotelea wapi
kati ya Tabora na ziwa?
Nani aliliona mara ya mwisho?
Lilizama? Liliibwa? Lilichomwa moto?
Maprofesa watatu wakajibu, migongo yao kwenye vitabu,
kila mmoja akimkana mwenzake kwa adabu.
Kisha ramani, na mstari mwekundu
uliokata Unyamwezi yote kwa pumzi moja
bila kusimama kunywa maji.

Halafu sisi.
Miguu kwanza, kisha migongo.
Sekunde nne, nilihesabu.
Ule uso nilioukunja mara tisa haumo.
Umo mgongo, na kovu la uji wa moto
ambalo mke wangu angelijua hata gizani.
"Wewe yupi?"
"Wa tatu. Mwenye kovu."
"Aa," akasema Ngelela, kwa sauti ya chini,
kama mtu aliyeonyeshwa kaburi.

Sanduku lao halikuonekana. Walituahidi sehemu ya pili.
Majina yakaanza kupanda: mpishi, dereva,
aliyeshika taa, mwenye punda.
Sisi kumi na wanane tulipita kwa pamoja:
Wenyeji wa Tabora.

Mimi nina fumbo pia, la bure, halina ngoma.
Babu yake baba alishuka pwani mara saba na pembe,
mara saba akapanda na nguo,
majora kwa majora, bega hilo hilo.
Njiani wakamwita Majora. Ilikuwa utani.
Safari ya mwisho alikuta mama yake ameshazikwa,
na wenzake wa rika wametawanyika,
na hakuna aliyebaki wa kumwita vinginevyo.
Akaoa kwa jina hilo. Akazikwa kwa jina hilo.
Kabla yake aliitwa nani?
Nimemuuliza shangazi Kalunde, akakuna kichwa.
Nimeuliza Sikonge, kwa wajomba. Wakanipa asali.
Hakuna profesa aliyekuja kukana lolote.

Kitambulisho changu cha taifa kipo hapa, kwenye droo,
chini ya wembe:
Mihayo Lufungulo Majora.
Jina langu, jina la baba,
halafu mzigo.

Ngelela akagonga mkono wa kiti.
"Sasa. Nusu hii utaniachia mpaka sehemu ya pili?"
Nikacheka, nikawasha mashine.
Nikaihamishia mkono wa kushoto kidogo,
maana bega la sponji lilikuwa linauma.